Samaki wa Kinyozi

Ua wa nyumba ya Kinyozi ulikuwa wa saruji tupu. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kikombe. Mtawala wa ua huo alikuwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa dobi. Bomba likitoka, alijaza mapipa yake matatu na kuyaacha wazi, maana hakujua litatoka tena lini. Kisha alifua nguo za watu na kuzianika kwenye kamba ndefu. Kinyozi alimwamkia kwa heshima, akanywa chai, akaenda kazini.

Mambo yalibadilika siku mkewe aliporudi kutoka kliniki. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Muuguzi alimwambia kwamba damu yake ni pungufu. Alimpa vidonge, akamsisitiza ale mboga za majani na samaki mara kwa mara. Kinyozi alilitia neno hilo moyoni.

Wiki hiyohiyo mteja alimwonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa tangi la samaki, na juu yake mboga zilistawi kwenye kokoto bila udongo. Pampu ndogo ilipandisha maji ya samaki hadi kwenye mboga. Mboga zilifyonza mbolea iliyokuwa ndani ya maji, na maji yakarudi kwa samaki yakiwa safi. Kinyozi aliona ni kazi rahisi kama kunyoa upara.

Alimtuma mkewe amwombee nusu ya ua. Mama mkwe hakubisha. Alifupisha kamba yake, akasogeza mapipa ukutani. Jumamosi Kinyozi alisimamisha tangi, akapasua pipa la plastiki kwa urefu, akalijaza kokoto na kupanda miche ya spinachi. Bomba halikutoka siku hiyo, kwa hiyo alijaza maji ya kisima ya kununua. Jioni hiyohiyo alileta vifaranga sitini vya perege, kila kimoja kirefu kama kidole. Akawa anawapa chakula konzi tatu kwa siku. Alitaka wanenepe upesi.

Siku ya tano asubuhi alikuta samaki wote juu ya maji. Walikuwa wakifungua na kufunga midomo kama watu waliokimbia mbio ndefu. Watatu walikuwa wameelea ubavu. Kinyozi alidhani ni njaa, akatupa konzi nyingine ya chakula. Hawakula. Chakula kilizama taratibu hadi chini.

Hakwenda kazini. Kufikia adhuhuri alikuwa ameopoa wengine wengi. Kila alipomtoa mmoja, mwingine aligeuka ubavu. Mkewe alisimama mlangoni, mkono tumboni.

Ndipo Kinyozi alipoona povu la sabuni likitiririka sakafuni, karibu na miguu ya tangi. Damu ilimchemka.

"Mama, sabuni yako imeua samaki wangu," alisema.

Mama mkwe alikuwa akikamua shuka. Alilikamua hadi mwisho, akalianika.

"Sabuni yangu inapita kwenye mfereji, baba. Haijui kupanda tangi."

"Basi ni nani? Tangu mwanzo hukulitaka tangi hili."

Maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka. Mama mkwe alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, binti yake akimfuata. Punde mkewe alitoka na macho mekundu.

"Mama anafunga mzigo wake," alisema. "Anasema hawezi kukaa anapoitwa muuaji."

Kinyozi alijua amevuka mpaka, lakini samaki walikuwa wakifa mbele ya macho yake. Aliona dawa ni moja tu: amwage maji yote, ajaze mapya ya bomba. Bahati nzuri, siku hiyo bomba lilikuwa likitoka. Alichomeka mpira kwenye bomba, akatumbukiza ncha yake ndani ya tangi. Mkewe alitoka mbio kwa jirani, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mpima Maji. Alifanya kazi kwenye mtambo wa maji ya mji. Kazi yake ilikuwa kuyapima maji kabla hayajafika majumbani.

Kinyozi ndiyo kwanza alikuwa anafungua bomba Mpima Maji alipoingia, bado na sare yake ya kazi, mkobani vichupa vyake vya kupimia.

"Funga bomba kwanza," alisema.

"Wanakufa, dada."

"Ukiwawekea hayo watakwisha wote. Tunatia klorini kwenye maji ili kuua vijidudu. Wewe ukiyanywa hayakudhuru. Samaki yanamuunguza. Funga."

Kinyozi alifunga. Mpima Maji alichota maji ya tangi kwenye kichupa, akadondoshea matone ya dawa, akatikisa. Wakasubiri. Kinyozi aliona zile dakika tano kama siku nzima. Maji yalianza kuwa ya manjano, yakabadilika yakawa ya kijani, kisha kijani kilichokolea kabisa.

"Manjano ni salama. Kijani ni sumu," alieleza. "Sumu hii inaitwa amonia. Inatoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kinachooza. Ulianza lini?"

"Jumamosi."

"Na samaki uliwatia lini?"

"Jumamosi."

"Wangapi?"

Kinyozi alitaja idadi kwa sauti ya chini. Alipoulizwa kuhusu chakula, sauti ilishuka zaidi.

Mpima Maji alimweleza bila kumcheka. Kwenye kokoto huishi bakteria wazuri, wadogo hata jicho haliwaoni. Hao ndio wanaoigeuza amonia kuwa mbolea ya mboga. Lakini hawazaliwi kwa siku moja. Wanahitaji wiki nne hadi sita. Anayeanza hutia samaki wachache tu, awalishe kidogo, apime maji, asubiri. Kinyozi alikuwa amewaingiza wageni sitini nyumbani kabla ya kuchimba choo.

"Na sabuni je?" aliuliza Kinyozi.

Mpima Maji aliinama, akatazama miguu ya tangi, mteremko wa sakafu na ukingo wa tangi uliofika kifuani.

"Sabuni haikufika humu. Samaki wako wameuawa na mikono yako." Kisha akaongeza haraka: "Tubadilishe nusu ya maji sasa hivi. Nataka maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili. Klorini hii yetu huwa imeshatoka. Mnayo?"

Wote watatu waliyatazama mapipa ya ukutani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Kinyozi alimsogelea, akainamisha kichwa.

"Mama, nimekukosea. Nilikusingizia, tena mbele ya mwanao. Nisamehe."

Mama mkwe alitazama tangi. Samaki mwingine aligeuka ubavu.

"Pipa la mwisho nimelijaza leo, hilo liacheni," alisema, akiweka begi chini. "Chukueni hayo mawili. Yana siku tatu. Sabuni natia kwenye beseni, si humo."

Walitoa nusu ya maji ya tangi, kisha watu watatu wakachota ya mapipa kwa ndoo, mke akiwahimiza wasiyamwage ovyo. Mpima Maji aliinua bomba la kurudishia maji ili yaanguke kwa kishindo na kuingiza hewa. Alipiga marufuku chakula kwa siku mbili. Jioni samaki walikuwa bado wanahema juu. Hakuna aliyejua kama watapona. Kesho yake walikufa wawili. Siku ya tatu waliobaki walishuka chini na kuanza kuogelea.

Karibu nusu yao Kinyozi alimpa mtu aliyefanya kazi pamoja na Mpima Maji, aliyekuwa na bwawa la samaki. Mtu huyo naye alimletea Kinyozi gunia dogo la kokoto za zamani kutoka bwawani, zenye bakteria tayari. Kinyozi alilisha kile tu ambacho samaki walimaliza kwa dakika tano. Mama mkwe alishika kazi ya kupima maji kila baada ya siku moja, kwa kuwa jicho lake lilizoea kutofautisha rangi. Wiki ya tano maji ya kichupa yalibaki manjano. Spinachi ikatanuka majani.

Walikula mboga hizo karibu kila siku, na vidonge havikurukwa. Kliniki muuguzi alipima damu, akasema imepanda. Samaki walichelewa zaidi. Mtoto alizaliwa kabla perege wa kwanza hajaingia kwenye sufuria.

Siku ya kumvua, majirani walijaa uani. Kila mtu alitaka kujua atakavyoanza. Kinyozi aliwaambia watangulize maji na subira, samaki wafuate, tena wachache.

"Wa kwanza niliwaua mwenyewe," alisema, "nikamsingizia mama."

Mama mkwe alikuwa akipara samaki, mjukuu mgongoni. Hakuinua uso.

"Waambie na idadi," alisema.

"Thelathini na mmoja," alisema Kinyozi.