Mkubwa Hajaamua Bado

Kila siku, ilipofika saa saba mchana, duka la kinyozi lilinyamaza. Huo ulikuwa wakati wa taarifa ya habari. Kinyozi alizima mashine ya kunyolea. Wateja waliokaa kwenye benchi waliacha kupiga soga. Aliyekuwa kwenye kiti alibaki hivyo hivyo, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Redioni ulisomwa muhtasari wa habari, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Muhtasari ukiisha, kinyozi aliwasha mashine tena. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, na kelele zake zilisikika mpaka nje barabarani. Wateja nao walipandisha sauti ili wasikike, na mabishano yakaanza. Redio iliendelea kusema peke yake juu ya rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti. Mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi, na kila mtu kwenye benchi lile alijiona bingwa wa siasa za dunia.

Waliipenda hasa habari ya ile nchi tajiri yenye jeshi kubwa, ambayo neno lake hutikisa nchi nyingine. Dukani hawakuiita kwa jina lake. Waliiita Mkubwa, kana kwamba ni bwana fulani anayekaa mtaa wa pili. Mkubwa kanuna. Mkubwa kakasirika. Leo Mkubwa ana furaha, sijui kala nini.

Jumatano moja redio ilitangaza kwamba rais wa Mkubwa anataka meli za kivita ziende nchi jirani, ambako makundi mawili yalikuwa yakipigania bandari. Kinyozi aliganda. Kisha, kwa mazoea, kidole chake kikawasha mashine.

"Basi tena!" alipaza sauti muuza nyama, ambaye wote walimwita Bucha. "Mkubwa akisema, amesema. Wiki ijayo kule ni moto!"

"Ni moto," mwingine akaitikia.

Kinyozi aliinamia shavu la Bucha. Roho ilikuwa juu. Binti yake, kifungua mimba wake, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ukunga. Chuo kilikuwa huko huko nchi jirani, na kingefunguliwa Jumatatu. Aliendelea kunyoa huku mawazo yako mbali, na Bucha aliondoka pale dukani na ndevu za shavuni zimepishana, upande mmoja juu, mwingine chini.

Kinyozi alifunga duka mapema. Nyumbani alimkuta mke wake, fundi cherehani, akishona sare nyeupe ya chuo. Binti yao alikuwa sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi. Alikuwa akiimba.

"Funga hilo sanduku," kinyozi alisema. "Huendi."

Binti alidhani ni utani, kwa maana baba yake alikuwa mtu wa utani. Akacheka. Alipoona uso wa baba hautikisiki, kicheko kikakatika.

"Baba, siendi wapi?"

"Chuoni. Mkubwa anapeleka meli za vita. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Lakini baba, nisiporipoti Jumatatu nafasi yangu anapewa mwingine! Nimeisubiri miaka miwili. Nimefagia zahanati, nimebeba maji, ili tu nikae karibu na wakunga nione wanavyofanya kazi."

"Utasubiri tena. Mtoto aliye hai ndiye anayesoma. Nimekata kauli, na nyumba nzima imekata kauli."

Fundi hakuinua kichwa. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali, na sindano ikaendelea kupanda na kushuka juu ya kile kitambaa cheupe.

"Mke wangu, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mbona unaendelea kushona?"

"Kwa sababu sijamaliza."

Binti aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka juu ya viatu vipya. Kinyozi alimwonea huruma mno, akatamani kurudisha maneno yake, lakini hofu ilimzidi nguvu. Alikuwa akimpenda binti huyu kuliko alivyojua kusema.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yao aliingia kuchukua gauni lake. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Kazi yake ilikuwa kufasiri habari za nje katika kituo cha redio, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mfasiri.

"Hodi humu ndani! Jamani, mbona mmekaa kama mko matangani? Kuna nini?"

Kinyozi alimweleza. Mfasiri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti.

"Shemeji, habari hiyo umeisikia wapi?"

"Redioni. Tena redio yenu."

"Taarifa ya saa saba?"

"Hiyo hiyo."

"Habari hiyo nimeifasiri mimi mwenyewe leo asubuhi. Niambie, bunge lao limesemaje?"

"Bunge gani?"

"Bunge la Mkubwa wenu! Na wale majenerali waliopinga? Na mazungumzo ya amani? Yote nimeyafasiri, na yamesomwa baada ya muhtasari."

Kinyozi alikuna kichwa. "Baada ya muhtasari mimi huwasha mashine."

"Leo?"

"Kila siku."

Mfasiri alibaki mdomo wazi. "Kumbe miaka yote hii nahangaika na kamusi mpaka macho yanauma, halafu nyie mnanizimia kwa mashine ya ndevu!"

Fundi hakuweza kujizuia. Alicheka mpaka akaacha kukanyaga pedali. Binti naye akacheka huku anafuta machozi. Kinyozi alijaribu kukunja uso ikashindikana, akacheka nao.

"Haya," Mfasiri alisema walipotulia. "Redio imesema rais wao anataka kupeleka meli. Wewe shemeji, hakuna kitu unachokitaka?"

"Nataka nyumba ya ghorofa."

"Umeshahamia?"

"Thubutu!"

"Umeona? Kutaka ni jambo moja, kuamua ni jambo jingine. Nchi kubwa si mtu mmoja. Rais ana lake. Bunge lina lake, maana ndilo linalotoa pesa. Wafanyabiashara wanataka bandari ifunguliwe upesi. Akina mama wenye watoto jeshini hawataki hata kusikia. Wote hao wanavutana, na mwisho ndipo unapatikana uamuzi. Wakati mwingine mkali anashinda. Wakati mwingine anarudi nyuma."

"Lakini alivyosema, alisema kwa ukali," kinyozi alipinga.

"Ukali nao ni njia. Taifa kubwa lina njia nyingi za kuingia kwenye ugomvi wa wengine. Linaweza kutuma jeshi. Linaweza kuuza silaha kwa upande mmoja, au kuzuia zisiuzwe. Linaweza kuweka vikwazo, yaani kukataa kufanya biashara na wanaopigana. Linaweza kutuma wapatanishi. Na linaweza kutisha tu, ili watu wakae mezani. Kila njia ina gharama yake, na wao wanaipima kwa faida yao kwanza, wala tusidanganyane. Kwa hiyo ukisikia habari, jiulize. Nani kasema? Kapendekeza au kaamua? Nani mwingine lazima akubali?"

Fundi alitabasamu. "Kama humu ndani."

"Kivipi?" kinyozi aliuliza.

"Umetangaza kwamba nyumba nzima imekata kauli. Mimi ni nyumba pia, na sijaulizwa. Ndiyo maana bado nashona."

Kinyozi alikaa kando ya cherehani. Aliona haya kidogo, lakini pia alijisikia mwepesi, maana moyoni hakuutaka ule uamuzi wake.

Mfasiri alichukua kipande cha kitambaa, akakitandaza mezani. "Fundi, niazime pini." Akachomeka moja ukingoni. "Hii ni bandari wanayoigombania. Iko pwani." Akachomeka nyingine upande wa pili kabisa. "Na hiki ni chuo. Kiko milimani, karibu na mpaka wetu. Meli ya kivita haipandi mlima, shemeji."

"Na vita vikipanda?"

Mfasiri alivua miwani. Hakutaka kumdanganya. "Vinaweza. Siwezi kukuapia. Ndiyo maana hatuishii kusikiliza wakubwa, tunawauliza na walio kule. Pigeni simu chuoni. Waulizeni kama mpaka uko wazi au umefungwa, wanafunzi wanafika au hawafiki, na mambo yakichafuka watawatoaje. Keshokutwa bunge lao linapiga kura. Subirini muisikie yote, halafu muamue pamoja."

Binti alishaipiga namba ya chuo kabla Mfasiri hajamaliza. Mkuu wa chuo alipokea mwenyewe. Alizungumza na kinyozi taratibu, kama mtu aliyezoea wazazi wenye wasiwasi. Alisema kule milimani soko linafunguliwa, shule zinafunguliwa, na wanafunzi wameanza kuwasili. Akaeleza kwamba chuo kina basi lake, na hali ikibadilika watawarudisha wanafunzi ng'ambo ya mpaka siku hiyo hiyo.

"Mzee, hapa tuna wakunga wachache na wajawazito wengi," alimalizia. "Tunawahitaji hawa watoto."

Kinyozi alirudisha simu. "Tusubiri kura," alisema. Safari hii alimtazama mke wake kwanza, naye akakubali.

Ijumaa saa saba, duka lilinyamaza kama kawaida. Muhtasari ulisema bunge la Mkubwa limepiga kura. Ukaishia hapo. Mkono wa Bucha, aliyekuja kusawazishiwa ndevu, ulinyooka wenyewe kuonyesha mashine. "Washa, kaka, tubishane!"

"Siwashi."

"Nimejaa povu usoni!"

"Kaa na povu lako. Leo tunasikiliza mpaka mwisho."

Benchi zima lilinung'unika. Lakini sauti ya redio ikaendelea, na polepole wakatega masikio. Ikasema kwamba wabunge walibishana usiku kucha. Ikasema kwamba majenerali wawili wastaafu waliwauliza wabunge: meli zikifika, kisha nini? Wabunge walikataa kutoa pesa za meli. Badala yake waliamua kuzuia silaha zisiuzwe kwa kundi lolote, na kutuma wapatanishi. Makundi yote mawili yalikubali kukutana nao. Kisha ikasemwa kwamba rais wao hakufurahi, na kwamba angeweza kulirudisha jambo hilo bungeni.

"Kumbe Mkubwa anabishana mwenyewe kwa mwenyewe?" Bucha aliuliza, povu likimtiririka shingoni.

"Kama sisi tu," kinyozi alisema. "Tena bado wanaweza kubadili. Kesho tutasikiliza tena."

"Yaani miaka yote tulikuwa tunaacha utamu?"

Mtu mmoja kwenye benchi alipiga makofi. Wakacheka wote, na kinyozi aliona furaha inampanda mpaka machoni. Alimwachia kinyozi mwenzake wa duka la pili amalize ndevu za Bucha, akakimbia nyumbani na aproni kiunoni.

Aliwaeleza mke na binti habari nzima, pamoja na ile sehemu ya rais kutofurahi. Hakuificha.

"Sasa tuamue," alisema. "Mke wangu?"

"Aende. Na simu ipigwe kila jioni."

"Mwanangu, wewe?"

"Baba, nataka kwenda. Mkuu akisema tuondoke, nitaondoka. Sitajifanya shujaa."

"Basi na mimi nasema uende."

Binti alimrukia shingoni. Fundi alikata uzi wa mwisho kwa meno, akaikung'uta sare na kumpa ajaribu. Ilimkaa vizuri mno. Mfasiri, aliyekuwa akichungulia dirishani kwake, alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza kulikoni.

Jumatatu binti aliripoti chuoni. Jioni zile za kwanza kinyozi alikuwa akiipokea simu kabla haijalia vizuri. Siku moja binti aliwaambia kwamba milio ya risasi ilisikika kwa mbali, na basi la chuo likawekwa tayari, lakini haikuwa lazima kuondoka. Kinyozi hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi alisikiliza habari zote, akampigia mkuu wa chuo, ndipo akatulia. Mazungumzo ya amani yalikwenda kwa kusuasua, leo wanakutana, kesho wananuniana. Lakini bandari ilifunguliwa tena.

Likizo ilipofika, kinyozi aliamua kumfuata binti mwenyewe. Alivuka mpaka, akapanda milima, akafika hospitali ya chuo na fulana yake nzuri imeloa jasho. Alimkuta binti yake ukumbini, ndani ya sare nyeupe, mikono imelowa maji na sabuni.

"Mwanangu!" alisema, akafungua mikono.

"Baba! Karibu, baba yangu." Uso wa binti uling'aa. Lakini hapo hapo sauti ya mwanamke ilisikika nyuma ya pazia, na binti akageuka. "Baba, nisubiri kidogo. Huyu mama ametoka kule pwani, ametembea njia yote hiyo. Ananihitaji."

Kinyozi alikaa kwenye benchi. Alikaa muda mrefu, na hakuona kuchoka. Kisha kilio kidogo, kikali, kilitoka nyuma ya lile pazia, na watu wote ukumbini wakatabasamu.

Mzee aliyekaa pembeni yake hakuwa amemuuliza chochote. Hata hivyo kinyozi alimgusa bega.

"Mkunga aliye mle ndani," alisema, "ni mwanangu."