Mikono Iliyopungia Droni

Kilima kilishuka saa nne asubuhi. Kiliikata barabara mbele ya pikipiki ya Mokua, na kabla hajageuza, kikaikata na nyuma. Kipande kilichobaki, urefu wa nyumba mbili hivi, kilining'inia juu ya korongo, mto ukinguruma chini. Mokua alitoka mzima. Abiria wake, Nyanchama, mama wa makamo aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni Ekerenyo, alilaliwa na jiwe mguu wa kushoto.

Mokua alilisukuma jiwe kwa bega mpaka likabingirika. Damu ikaruka. Alichana leso ya mama, akaifunga juu ya goti, akapenyeza spana kwenye fundo na kuizungusha mpaka damu ikaacha kuruka.

"Wee kijana, unanisaga kama majani ya chai!"

"Piga kelele, mama. Ukinyamaza ndio nitaogopa."

"Nisikufe leo. Kesho ni Sabato, hakuna mtu atanizika."

Simu zote mbili zilizama kwenye tope. Mvua haikukoma. Mokua alikinga maji kwa helmeti, akamnywesha. Akakata majani ya mgomba uliong'oka, akamfunika mama mwili mzima, maana meno yake yalianza kugongana. Kando yao ufa uliendelea kupanuka. Mashina ya chai yalikuwa yakiteremka moja moja, kimya kimya.

Saa sita droni ikatokea juu ya korongo, ikilia kama nyuki. Mokua aliruka, akapunga mikono yote miwili, akaita mpaka sauti ikakauka. Droni ikasimama angani, ikamtazama. Kisha ikaelekea ng'ambo, kwenye kilima kilichojaa watu waliokuja kushangaa maporomoko. Nao walikuwa wanapunga mikono.

"Imekuona?" Nyanchama aliuliza chini ya majani.

"Imeniona."

"Basi mbona imeenda?"

Mokua akayarudisha majani yaliyoteleza begani mwa mama.

Haukupita muda, helikopta ikasikika. Ilitokeza chini ya wingu, ikainamisha pua kuelekea kwao. Mokua aliwaona hata watu waliokaa mlangoni. Ndipo ile droni ikapanda kutoka ng'ambo, ikaingia katikati ya njia ya helikopta. Helikopta ikalala upande kuikwepa, ikageuka, ikaondoka. Ukungu ukashuka ukaziba korongo lote, na helikopta haikurudi.

Nyanchama aliacha utani. Vidole vya mguu wake vilikuwa baridi kama samaki. Mokua alitaka kulegeza spana, akailegeza kidogo, damu ikaruka tena, akakaza. Alilia akiwa ameishika hivyo hivyo.

Saa tisa ukungu ulipasuka, droni nyingine ikaja. Hii ilikuwa na taa nyekundu na kipaza sauti. Sauti ya mwanamke ilitoka ndani yake: "Mimi ni Lavender, kikosi cha uokoaji. Msipunge mikono, ng'ambo kila mtu anapunga. Mzima asimame wima, asitikisike. Aliyeumia, kama yupo, alale mahali peupe, aonekane."

Mokua alitazama majani ya mgomba. Kutoka juu, yule mama alikuwa takataka tu ya maporomoko.

"Mama, nisamehe. Nakufunua."

"Na hii mvua?"

"Na hii mvua."

Akatupa majani yote korongoni. Matone yakampiga Nyanchama usoni, naye akafumba macho. Mokua akasimama kando yake kama mlingoti, mikono imebana mbavuni. Mwili wote ulitaka kuruka. Hakutikisika. Droni ikashuka, ikazunguka mara moja.

"Nimewaona wawili," sauti ikasema. "Watu wa kamba wanakuja kwa miguu. Kaeni mbali na ufa."

Walifika saa kumi na moja. Walimteremsha mama kwenye machela, Mokua akafuata. Nusu saa baadaye kile kipande cha barabara kilianguka mtoni na pikipiki.

Siku ya tatu, kijana anayeitwa Sagar, wa duka la vitambaa mjini Kisii, alifika wodini. Kazi yake ni kupiga picha za droni kwenye harusi na mazishi. Siku ile alikuwa amekuja kusaidia, kwa moyo safi, bila kumuuliza mtu.

"Nilikuona, kaka," alimwambia Mokua. "Kila mazishi watu wananipungia hivyo. Nilidhani unanisalimia."

"Na helikopta?"

"Macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Sikuiona wala sikuisikia."

Nyanchama aligeukia ukutani.

Helikopta moja ilirudishwa njiani. Saa tano zilipita toka igeuke mpaka watu wa kamba wakafika. Daktari alisema mguu ungeokolewa kama angeletwa mchana ule. Ulikatwa gotini, mguu mmoja, wa kushoto, wa mama anayelima chai kwenye mteremko.