Meno Mawili Mazima ya Merveille

Merveille anafundisha darasa la pili hapa Baraka. Kila asubuhi anachota maji, anapika uji, kisha anaenda shuleni kwa miguu. Mume wake, Wilfried, alienda kuchimba dhahabu Misisi. Kwa miezi miwili simu yake ilikuwa haiiti.

Ndipo ulimi wa Merveille ulipoanza kuwaka, kama mtu aliyekula pilipili. Mate yalikauka. Alipowasomea watoto, maneno yalinata kinywani. Aliamka asubuhi mataya yakimuuma.

“Ni meno hiyo,” alisema mama mkwe wake, Anastasie. “Enda kwa Darius, pale soko.”

Darius hakusomea kazi ya meno. Alikuwa na koleo na kiti. Hakuuliza kitu, aling'oa jino moja. Juma lililofuata Merveille alirudi akilia, naye akang'oa la pili. Ulimi uliendelea kuwaka vilevile.

Merveille akaenda kituo cha afya. Muuguzi Éliezer alimmulika kinywa kwa tochi. Alitazama ulimi, ufizi na mashavu. Akampima damu na sukari. Kisha akaona mapengo mawili.

“Hii meno ilikuwa yenye kuoza?”

“Hapana, munganga. Ilikuwa mazima.”

Éliezer aliitupa tochi mezani.

“Anang'oa meno mazima ya muntu! Bila kuangalia, bila kuuliza! Hiyo haiko kazi, hiyo ni kuumiza bantu!”

Akavuta kiti karibu.

“Mama, unalalaka muzuri?”

“Silalaka. Namuwaza bwana yangu.”

“Basi sikia. Kinywa yako haina kidonda. Damu na sukari iko muzuri. Lakini muntu akikaa na mashaka siku nyingi, mate inapunguka. Kinywa inakauka, lulimi inawaka. Usiku unakaza meno bila kujua, njo maana mataya inauma.”

“Munasema najidanganya?”

“Hapana! Maumivu yako ni ya kweli. Mashaka inaumiza mwili kabisa. Kunywa maji kidogo kidogo. Acha pilipili. Ukisikia umekaza meno, legeza taya, pumua polepole. Na mashaka yako, usiibebe peke yako. Kidonda ikitoka, ama lulimi ikizidi kuwaka, rudia hapa haraka.”

Jioni ile Merveille alimwambia mama mkwe wake yote. Alisema kwa hasira.

“Meno yangu haitarudia, mama!”

Anastasie aliinamisha kichwa.

“Unisamehe. Mi pia namuwaza mutoto wangu. Juu ya nini tulinyamaziana?”

Tangu siku hiyo waliongea kila jioni, wakasali pamoja, wakawauliza wasafiri waliotoka Misisi. Miezi miwili mingine ilipita. Wilfried hakupiga simu. Lakini Merveille alianza kulala, mate yakarudi, na moto wa ulimi ukapungua sana. Darasani sauti yake ilisikika hadi nyuma.

Siku moja alipita sokoni. Mwanamke muuza samaki alikuwa amekaa kwenye kiti cha Darius, kinywa wazi.

“Dada, jino gani inauma?” aliuliza Merveille.

“Sijue. Kinywa yote inawaka.”

“Mwalimu, usiniharibie kazi!” alifoka Darius.

Merveille alifungua kinywa chake, akamwonyesha yule mwanamke mapengo mawili.

“Kazi yake njo hii. Simama, twende kwa munganga.”

Mwanamke alisimama. Wakaondoka pamoja, na koleo likabaki mkononi mwa Darius.