Tani Si Tani

Soko la Carbon mjini Cebu, Ufilipino, lilikuwa limefurika mchana ule, moshi wa samaki wa kuchoma ukiwasha macho. Florabel Ycong, blauzi yake ya njano imemkaa sawasawa, alinyoosha mkono kuchukua fungu la mwisho la wali uliofungwa kwa majani ya mnazi. Mkono mwingine, mpana, wenye grisi kwenye kucha, ukamuwahi.

"Samahani, Inday," kijana alimwita kama waitwavyo mabinti wa huko, bila dalili ya kusikitika. "Tugawane?"

"Mwizi naye hugawa?"

"Akikamatwa na mrembo."

Aliitwa Jerson Tabada. Walipokuwa wakila, waligundua kwamba wanafanya kazi bandari moja: Jerson akiendesha kreni, Florabel akiwa ofisini, akigeuza kuwa kilo uzito wa mashine zilizotoka kila pembe ya dunia kabla hazijanyanyuliwa.

"Kwani tani si tani tu?" Jerson alimchokoza.

"Ya Mmarekani ni kilo mia tisa na saba. Ya Mwingereza, elfu moja na kumi na sita. Yetu, elfu kamili. Wewe una tani ngapi?"

"Nibebe ujue."

Florabel alicheka hadi wali ukampalia.

Mapenzi yakakolea. Jerson alimpigia kila mapumziko kumuuliza amekula nini, naye alimjibu kwa madaha hadi wenzake wakaguna. Kisha jioni moja Jerson akamwona akishuka kwenye gari la meneja wao. Mvua ilikuwa imemkuta njiani, akapewa lifti tu. Lakini Jerson hakuuliza. Alinuna, akaacha kupokea simu.

Wiki hiyohiyo uliingia mtungi wa mvuke wa kiwanda cha sukari, tani thelathini na tisa za kilo elfu. Kreni ya Jerson iliandikwa kuwa inabeba arobaini. Asubuhi ya kunyanyua, Florabel alifungua kitabu cha kreni ile kuukuu na kuona kosa: arobaini hizo zilikuwa za Kimarekani. Kwa tani za kilo elfu, hazikufika hata thelathini na saba.

Alimkimbilia meneja.

"Meli inasubiri," meneja alisema. "Waunda kreni huacha nafasi ya ziada. Nenda kakae."

Akampigia Jerson. Kule juu kwenye kibanda cha kreni, Jerson aliona jina la Florabel, akalikodolea macho kidogo, akazima simu. "Leo amenikumbuka," alijisemea.

Florabel akavua viatu, akakimbia. Alipofika gatini mtungi ulikuwa tayari hewani, na Nong Tibor, mzee mfunga minyororo ya mizigo aliyemfundisha Jerson kazi, alikuwa chini akiongoza kwa mkono. Mkono wa kreni ukapinda kama bua la muwa, mtungi ukaporomoka.

Tibor hakutolewa akiwa hai.

Kwenye uchunguzi wa ajali, meneja alidai hakuambiwa lolote. Florabel alisimama akaeleza yote. Jerson naye, uso umemsinyaa, akasema mbele ya mjane wa Tibor kwamba alipigiwa simu akaizima kwa wivu. Meneja alifukuzwa, Jerson akanyang'anywa leseni.

Baadaye Jerson alimwomba Florabel wakutane kwenye kituo cha feri ya kwenda kisiwa cha Leyte. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kiganjani alikuwa na pete.

"Twende kwetu, mpenzi. Tukaanze upya. Nimesema ukweli, si uliniona?"

"Nilikuona. Nilikuonea fahari."

"Basi nikubalie."

Florabel alikikunja kile kiganja kipana juu ya pete.

"Nakupenda, Jerson. Lakini siku ile ulininunia, na mimi nikawa sina njia ya kukufikia. Watu wa nyumba moja hugombana. Nikiwa na mtoto anaungua homa, na wewe umenuna, nitamwita nani?"

"Nimebadilika."

"Huenda. Lakini mimi sitaweza kulala nikiliamini hilo."

King'ora cha feri kikalia. Jerson akaitia pete mfukoni. Akapanda ngazi bila kugeuka.

Florabel alifuta uso kwa upindo wa blauzi, akaenda kwa mjane wa Tibor, kumsaidia kupika chakula cha arobaini.