Walimwosha, Hawakumaliza

Jioni ile Bi Salhiya alikuwa ukumbini akichambua pamba. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya baada ya Alasiri. Aliichambua pole pole, akaitia katika mfuko wake wa kitambaa pamoja na karafuu maiti, majani makavu ya mkunazi na kichupa cha asetoni.

Kichupa hicho kilikuwa kigeni mle mfukoni. Waosha maiti wa zamani hawakukijua. Lakini siku hizi mauti huwakuta wanawake na rangi kwenye kucha, na rangi ya kucha huzuia maji. Maji yasipofika mwilini, josho halijatimia. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani alilijua.

Watu wa Michenzani walimheshimu. Walimwamkia kwa adabu, wakampisha kwenye ngazi. Ila ni wachache walionyoosha mkono kwenye sahani yake. Mikono yake ilinuka karafuu maiti hata siku ambayo hakuosha mtu. Tangu bintiye Muzdalifa arejee kwa Mola wake, katika nyumba ile ya ghorofa ya tatu walibaki wawili tu, yeye na mjukuu wake Nadra, ambaye sasa alikuwa akikaribia kumpita kimo.

"Bibi," alisema Nadra. "Harusi ya jirani ndiyo hiyo imefika. Hata wanja tu?"

"Bado."

"Basi rangi ya kucha. Ntaitoa kabla ya sala."

"Bado, mwanangu."

Bi Shemsa, jirani aliyekuja kuomba ndimu na kusahau kuondoka, alicheka. "Bado, bado. Mpaka aote mvi? Mie kimo chake nshajipaka mpaka masizi ya sufuria."

"Ndiyo maana leo tundu la sindano hulioni."

"Silioni, lakini niliolewa."

Nadra hakucheka. Aliingia chumbani na pazia likaanguka nyuma yake.

"Utamfungia mpaka lini, Salhiya?" Bi Shemsa aliuliza kwa sauti ya chini. "Ukimnyima weye atapakwa na mwengine. Na huyo mwengine humjui."

Bi Salhiya aliendelea kuchambua pamba. Angeweza kusema kwamba pambo la mtoto wa kike ni udhu wake, na angelisema kwa haki. Lakini chini ya jambo hilo kulikuwa na jengine. Ndani ya kasha, chini ya kanga za Muzdalifa, kulikuwa na kidau cha wanja. Muzdalifa alikiacha kwa wasia, akiwa hawezi hata kuinua kichwa: "Nadra akikua, mama, wanja wake wa mwanzo mtie kwa mkono wako." Siku atakayolifungua kasha lile, harufu ya mwanawe itatoka, na haitarudi tena. Basi kila mtoto alipouliza, alisema bado.

Bi Shemsa alirudi kwake, na adhana ya Magharibi ikapita. Bi Salhiya alikuwa ndiyo kwanza anakunja msala aliposikia sauti ngazini.

"Hodi..."

Mara moja tu.

Alifungua. Mwanamke alisimama ngazi chache chini, ndani ya buibui, ushungi umefunika uso. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua siku nyingi.

"Bi Salhiya. Kuna maiti Mkunazini. Mtoto wa kike."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ngojea nichukue mfuko."

Alipita karibu na pazia. "Nadra, nnakwenda kuosha. Funga mlango. Usimfungulie mtu."

Siku zote Nadra hujibu "Naam." Leo hakujibu.

Mwanamke alitangulia. Walivuka Darajani, wachuuzi wakikunja maturubali yao, kisha wakaingia vichochoroni. Umeme ulikuwa umekatika. Bi Salhiya alimulika kwa simu, akafuata mgongo mweusi uliopinda kushoto, kulia, kushoto tena. Alisikia viatu vyake mwenyewe vikipiga sakafu.

Vyake tu.

Mlango waliosimama mbele yake haukuwa na dalili ya msiba. Hakuna mkeka uliotandikwa nje, hakuna wanaume barazani. Hakuna msomaji. Alitaka kuuliza, lakini mwanamke alikuwa ameshaingia.

Chumba kilikuwa cha chini. Kilinuka karafuu maiti, na chini ya karafuu maiti kilinuka udongo uliochimbwa. Maiti alilazwa juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa ndani ya sanda, amefungwa vizuri kabisa.

"Mbona mmemvika kabla hajaoshwa?"

"Walimwosha," mwanamke alinong'ona. "Hawakumaliza."

Bi Salhiya aliweka simu kwenye ukingo wa dirisha. Alisema Bismillahi, akafungua sanda upande wa mkono. Mkono mwembamba, wa kimo cha Nadra. Baridi. Na kucha zake zote nyekundu.

Nyekundu mno. Kama zimepakwa sasa hivi.

Alishusha pumzi. Jambo hili alilijua. Alitoa pamba, akaitia asetoni, akaanza kufuta ukucha mmoja mmoja, taratibu, maana maiti hachokozwi. Mwanamke alisimama kichwani mwa kitanda na kata ya maji.

"Alikuwa akiniomba," alisema yule mwanamke. "Akichukua wanja wangu, akinambia mama nitie. Nikimwambia bado. Ukikua."

"Akakua?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye kata. Moja... moja...

"Sikumwona akikua."

Bi Salhiya aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimkaa kifuani pale pale alipoliweka jibu lake kwa Nadra. Alifuta ukucha wa mwisho, mwanamke akamimina maji, na maji yakashika. Ndipo alipoona ukingo wa sanda, miguuni. Ulikuwa na udongo mwekundu. Udongo mbichi.

Alitaka kuuachia mkono ule.

Vidole vilimfumbata.

Havikumbana. Vilimshika kama mtoto anavyomshika mtu mzima anapovuka barabara.

"Mwambie ameruhusiwa," alinong'ona mwanamke. "Kaondoka anaogopa. Mie ulimi wangu haumfikii."

Bi Salhiya alikuwa ameosha watu wengi, na hajawahi kukimbia. Alimfikiria Nadra nyuma ya pazia, kimya.

"Umeruhusiwa, mwanangu," alisema. "Nenda salama."

Vidole vilifunguka.

Pale pale adhana ya Isha ilianza msikitini, na hofu aliyoizuia ikampanda yote kwa pamoja. Mtoto yuko peke yake nyumbani. Alirudisha sanda haraka, akazoa kichupa na pamba akavitia mfukoni, akatoka bila ya kuaga. Hakuangalia nyuma mpaka Darajani.

Kila kinachotoka kwa maiti huzikwa na maiti. Unywele, kipande cha ukucha, pamba iliyomgusa. Hakivuki kizingiti. Mwosha maiti hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika kata. Bi Salhiya alilijua. Usiku ule alilisahau.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi.

"Nadra?"

"Naam, Bibi."

Sauti ilitoka gizani, ukumbini. Alimulika. Nadra alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, mikono ameinyoosha mbele, vidole vimetanuliwa kama mtu anayengoja kitu kikauke.

Kucha zake zote zilikuwa nyekundu.

"Nani kakupaka?"

"Mtoto uliyekuja naye."

"Mtoto gani?"

"Si huyo aliyekutangulia? Nimesikia viatu vyako ngazini nikafungua. Akaingia yeye. Mikono yake baridi, Bibi." Nadra alimtazama bibi yake, na sasa naye akaanza kuogopa. "Kasema umemruhusu."

Bi Salhiya alipindua mfuko. Pamba ilianguka mkekani. Ilikuwa nyeupe. Nyeupe na kavu, kama haijagusa kitu.

Alimfuta Nadra kwa asetoni mpaka kichupa kikaisha. Rangi haikutoka. Akamchukua bombani atie udhu. Maji yaliteleza juu ya mikono ya mtoto kama juu ya jani la myugwa. Hayakushika. Si kwenye kucha tu. Mpaka kwenye vifundo vya mikono ngozi ilibaki kavu.

"Bibi, nnakufa?"

"Nyamaza. Soma."

Walisoma Yasini wakirudia, mtoto kichwa mapajani pake. Alichokiogopa Bi Salhiya hakukitamka. Kama Mola angemchukua Nadra usiku ule, yeye ndiye angemwosha. Na maji yasingeshika.

Asubuhi aliitia pamba katika kitambaa safi akarudi Mkunazini, Nadra kamshika buibui. Alidhani mlango hatauona. Aliuona. Safari hii mkeka ulikuwa umetandikwa nje, na wanaume wamekaa barazani na misahafu. Bibi mmoja aliyevimba macho alimpokea ndani. Jina lake Bi Wanu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umechelewa, marehemu tumemzika jana Alasiri. Sumaiya wangu. Homa imemwanza usiku, asubuhi hayupo."

Jana Alasiri. Bi Salhiya alishika ukuta.

"Bi mkubwa, niwie radhi kukuuliza. Alikuwa na rangi kwenye kucha?"

Bi Wanu alimvuta pembeni.

"Nani kakwambia? Alijipaka kwa siri. Mie nilimkatalia, nikamwambia umri bado. Siku ile ile akaingia homa, akawa anaficha mikono chini ya shuka nisimwone. Mpaka anakata roho kaificha." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Wakati wa kumwosha haikutoka. Jua linakwenda, watu wanangoja na jeneza. Tukasema Mungu ni mwingi wa rehema."

"Na mamake? Yule aliyekuja kunichukua?"

"Mamake?" Bi Wanu alirudi nyuma kidogo. "Mamake kafa, huyu hajang'oa hata jino la mwanzo. Ndiyo nikamlea mie."

Bi Salhiya alitoka akaenda kwa Sheikh Himid, aliyesimamia mazishi, akamweleza yote bila ya kupamba. Mzee yule alisikiliza, akaiangalia pamba nyeupe, akaiangalia mikono ya Nadra.

"Amana ya maiti hairithiwi," alisema. "Nipe."

Aliichukua mwenyewe makaburini, akaifukia kichwani mwa kaburi jipya. Wao walingoja nyumbani. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Nadra alifungua bomba kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu pasi ya moto.

Maji yalishika.

Rangi ilitoka kwa sabuni, ikapita katika sinki, nyekundu, kisha nyepesi, kisha maji matupu. Nadra alilia kwa sauti. Bi Salhiya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakulia. Alikuwa akiyawaza maneno aliyoyasema katika chumba kile. Maneno mepesi, hayakumchukua hata pumzi moja. Ruhusa kampa mtoto wa watu, na wa kwake kamnyima.

Jioni ile, baada ya kusali Magharibi, alilifungua kasha.

Harufu ya Muzdalifa ilitoka. Asumini iliyokauka, udi, na jasho la mtu aliyempenda. Aliivuta mpaka akahisi maumivu. Haikukaa. Alikitoa kidau, akakifuta, akamkalisha Nadra mbele yake chini ya taa.

"Huu ni wa mama yako. Wanja tu. Rangi ya kucha huipaki mpaka uweze kuitoa mwenyewe kabla ya kila sala bila ya kuambiwa. Umenisikia?"

"Naam, Bibi."

"Na mtu asikupake ila mimi."

"Naam."

Alisema Bismillahi. Alikichovya kijiti, akakipitisha katika jicho la kulia, taratibu, mtoto akafumba. Jicho lilipofunguka, alimwona Muzdalifa, kamili, kwa muda wa kupepesa. Kisha akawa Nadra tena. Haikuwa kama alivyoogopa. Alikichovya tena, akamaliza la kushoto.

Nadra alifungua macho yote mawili. Hakumtazama bibi yake. Alitazama juu ya bega lake.

"Bibi..."

"Naam."

"Mwenzangu yuko nyuma yako."

Harufu ya karafuu maiti ilipanda. Bi Salhiya aliinusa mikono yake. Safari hii haikutoka mikononi mwake.

"Anafanya nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kakaa tu. Kainua uso." Nadra alinong'ona naye. "Kafumba macho, Bibi. Kama mimi."

Nje Bi Shemsa alisikika akicheka na mtu ngazini, mbali, kama yuko mji mwengine. Neno "bado" lilimjia Bi Salhiya ulimini. Likafika mpaka kwenye meno.

Akalimeza.

Bila ya kugeuka, alikichovya tena kijiti katika kidau.