Rodwell na Chama cha Watu Wachache

Kila asubuhi Dorica na Mable walipasua samaki pamoja kwenye ufuko wa Nchelenge. Mable alikuwa mke wa Rodwell, kaka mkubwa wa Dorica. Watson, mume wa Dorica, alivua na Rodwell katika bwato moja, na wavu wao ulikuwa mmoja. Wanaume wakishusha samaki, wanawake walipasua, wakatia chumvi, wakaanika. Mable alikuwa na mimba kubwa. Dorica alimkalisha kwenye gogo, akainama yeye.

Ulikuwa mwaka 1958. Wazungu walikuwa bado wanatawala. Watson na Rodwell walikuwa na kadi za chama kimoja, chama kilichodai uhuru. Lakini mwaka ule ulipokaribia kwisha, chama kiligawanyika. Serikali ilikuwa inaandaa uchaguzi. Waafrika wachache tu wangepiga kura, wale wenye mali au elimu. Chama kipya kilisema, "Tuukatae uchaguzi huu." Chama cha zamani kilisema, "Tuingie, hata kama mlango ni mdogo."

Karibu kijiji chote kilikwenda chama kipya. Watson alichaguliwa kuwa mwenyekiti. Rodwell alibaki chama cha zamani, yeye na wazee wawili.

"Mulamu, utabaki peke yako," Watson alimwambia shemeji yake.

"Mutu anaweza kubaki peke yake, na asiwe amekosea," Rodwell alijibu.

Siku chache baadaye chama kipya kilifanya mkutano. Kijana mmoja, Kingsley, alisimama. Alikuwa na sauti kubwa.

"Mutu wa chama cha zamani njo mutu wa wazungu!" alisema. "Tusimusalimie. Tusinunue samaki yake. Mutu akimusaidia, tutajua naye ni wa upande gani."

Watu walipiga makofi. Wote wakamtazama Watson. Hakulipenda neno lile, lakini aliogopa kuonekana dhaifu.

"Muzuri," alisema. "Iwe hivyo."

Basi ikawa hivyo. Watson aliacha kuvua na Rodwell. Samaki wa Rodwell walikaa hadi wakanuka. Mwishowe alikwenda kisiwa cha Chisenga, akavue kwenye kambi za watu wasiomjua. Mable alibaki nyumbani. Alikuwa anachota maji mbali, nyuma ya matete. Dorica alimwona kutoka ufukoni, akainamisha macho. Aliona haya. Lakini hakwenda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mchana wa jua kali, Dorica alisikia kilio kutoka nyumba ya Mable. Alikimbia. Alimkuta wifi yake ameshika nguzo ya mlango kwa uchungu wa kuzaa.

"Tangu asubuhi," Mable alisema. "Niliita. Hakuna mutu alikuja."

Dorica alikimbia kwa mkunga, Bana Idah.

"Mutoto yangu, naogopa," Bana Idah alisema. "Neno la mukutano nililisikia. Mume wako aniruhusu kwanza."

Dorica akakimbia tena. Watson alikuwa kwa jirani yao Goodson, fundi wa mabwato, wakiziba ufa.

"Bashi Mulenga," Dorica alimwita mume wake kwa jina la mtoto wao, "Mable anazaa! Bana Idah anakataa juu ya neno lenu. Mwambie aende!"

Watson alitazama chini. "Nikivunja neno la mukutano, batu batasema nini?"

Dorica hakungoja zaidi. Alirudi kwa Mable peke yake. Alimshika mgongo, akamfuta jasho, akamwomba Mungu. Hakujua la kufanya zaidi ya hapo. Muda ulipita. Kisha Bana Idah aliingia anahema, na nyuma yake, nje ya mlango, Watson alikuwa amesimama. Goodson alikuwa amemwambia neno moja tu: "Enda. Mukutano utangoja."

Lakini walikuwa wamechelewa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Alipotoka, hakulia. Alikuwa mtoto wa kike.

Mable alipona. Mtoto alizikwa na wanawake, kama desturi ilivyo kwa mtoto ambaye hakulia. Dorica alimbeba. Mwanzoni walikuwa wawili tu, yeye na Bana Idah. Kisha mwanamke mmoja alitoka nyumbani kwake, akawafuata. Halafu mwingine.

Rodwell alirudi kutoka Chisenga kesho yake. Alipita mbele ya Watson bila kumsalimia.

Jioni ile Watson alikwenda kukaa kwa Goodson. Dorica alipeleka bukari, ugali wa mihogo, na samaki, akabaki hapo.

"Rodwell alikosea nini?" Goodson aliuliza.

"Alikataa chama chetu," Watson alisema.

"Hiyo haina kosa. Sikiliza. Nilifanya kazi miaka mingi muji wa Elizabeti, kule Kongo. Kule tulipiga kura ya komini, ya kuchagua baraza la muji. Mutu niliyemuchagua alianguka. Matusi yalikuwa mengi, ndiyo. Lakini kesho yake nilinunua mukate dukani kama kila siku. Wengi banapata kuongoza, hiyo njo haki yao. Wachache banabaki na haki ya kusema, kuishi vizuri, na kujaribu tena."

"Na kama hao wachache banadanganyika?"

"Bishana nao. Na kama sisi njo tunadanganyika? Nani atatuambia, ikiwa tumewafunga kinywa?" Goodson alimsogezea Watson samaki. "Tunamwambia muzungu kila siku: muhesabu kila mutu. Rodwell si mutu?"

Watson hakula. Bukari ilipoa mbele yake.

Jumapili baada ya ibada, aliita mkutano wa kijiji kizima, vyama vyote viwili. Wanawake pia walikuja. Alisimama mbele, kofia mkononi.

"Nilisema 'muzuri' juu ya neno baya," alisema. "Mimi, mwenyekiti. Mutoto amekufa, na mama yake aliita bila kujibiwa. Kuanzia leo hakuna mutu wa kutengwa hapa juu ya chama. Kununua samaki, kuzaa, kuzika, hiyo haina chama. Mimi nabaki chama kipya. Lakini mulamu yangu aseme mawazo yake, nasi tusikilize."

Rodwell alisimama polepole. Alisema kwa nini aliona heri kuingia katika uchaguzi kuliko kukaa nje. Kingsley alianza kupiga kelele.

"Kingsley, kaa," Watson alisema. "Utasema akimaliza."

Rodwell alimaliza. Watu walinyoosha mikono kuonyesha wapo upande gani. Mikono mingi sana ilikuwa ya kukataa uchaguzi. Ya Rodwell ilikuwa mitatu, na Watson aliihesabu kwa sauti, kama alivyohesabu ile mingine. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake wanawake wawili walinunua samaki wa Rodwell. Kesho kutwa walikuja wengine.

Lakini jioni ya mkutano ule, watu walipotawanyika, Rodwell na Watson walijikuta kwenye njia moja ya kurudi nyumbani. Dorica alitembea nyuma yao.

"Lakini juu ya kukataa uchaguzi, mulamu, bado umekosea," Rodwell alisema.

"Nimekosea wapi?" Watson aliuliza.

Wakabishana njia nzima. Tangu arudi kutoka Chisenga, Rodwell alikuwa hajamwambia Watson neno hata moja. Dorica alipunguza mwendo, awaache waseme.