Vijiti Vitatu vya Bibi Pu

Yunshu alibisha mlango wa chumba namba sita, kama mama yao alivyowafundisha kufanya kila walalapo ugenini, kisha akasogea pembeni ili asiyeonekana, kama yupo, apate nafasi ya kutoka. Badala yake, sauti ya msichana ikasema kutoka ndani, "Ingieni."

Yeye na dada yake Huilin walikuwa wamekaa saa kumi na saba kwenye viti vigumu vya treni, kisha wakapanda ngazi za mji wa Chongqing katika ukungu wa asubuhi, mabegi mgongoni. Hosteli hii ilikuwa rahisi kuliko zote: vitanda viwili vya deka, hakuna dirisha. Kitanda kimoja cha chini kilikuwa kimefunikwa pazia. Aliyekuwa nyuma yake aliwauliza wametoka wapi. Huilin alichukua taulo akaenda kuoga, akimwacha mdogo wake akipiga soga. Mlangoni alisikia sauti ikimuuliza Yunshu jina lake kamili, na Yunshu akilitaja.

Aliporudi, pazia lilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Juu ya godoro tupu palikuwa na begi lililolowa, likinuka tope la mto. Yunshu alikuwa amelala, mikono baridi, na hata Huilin alipomtikisa hakuamka.

Huilin alikimbilia mapokezi. Dagang, mwenye hosteli, alimwambia ni uchovu tu. Wanafunzi siku hizi wanataka kuumaliza mji kwa siku moja wakiwa na bakuli moja la tambi tumboni. Lakini mama yake, Bibi Pu, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, aliuliza ni chumba gani. Aliposikia, akaweka kisu chini.

"Uliniambia umekifunga," alimwambia mwanawe.

"Mama, ni likizo. Wageni wamejaa."

Ikambidi Dagang aseme. Mwezi uliopita mgeni wa chumba kile, Gu Ruizhen, alizama mtoni. Mwili haukuonekana, na begi lake hakuna aliyekuja kulichukua.

Bibi Pu alipanda na bakuli la maji, vijiti vitatu vya kulia chakula, na kisu cha jikoni, Dagang na Huilin wakimfuata. Alimweleza Huilin polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu: vijiti husimama vyenyewe majini kwa jina la roho isiyo na mwili. Vikisimama, atavipiga kwa kisu na kumwaga maji nje ya mlango, na roho hiyo haitarudi tena.

Alivishika vijiti wima, akataja, "Gu Ruizhen," akaachia. Vikaanguka. Akarudia, vikaanguka, akarudia tena, na harufu ya tope ikazidi hata Dagang akaziba pua, na taa ikafifia, na kila jina lile lilipotajwa Yunshu pale kitandani alitabasamu macho yakiwa yamefumba, kama mtu anayeitwa kwa mapenzi na hana haja ya kuitika, kwa sababu tayari yupo kwake.

Mkono wa Bibi Pu ukatulia.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "mdogo wako anaitwa nani?"

Huilin alijibu, "Shen Yunshu."

Bibi Pu hakuwa amelirudia jina hilo, wala hakuwa amekaza vidole, lakini vijiti vilijikusanya pamoja katikati ya bakuli, vikasimama.

Aliyekuwa kitandani akafumbua macho, akaketi, maji yakimchuruzika nyweleni ingawa hakuwa ameoga.

"Vimesimama," alisema kwa upole. "Mnangoja nini? Vipige."

Dagang alimwangalia mama yake. Bibi Pu aliangalia kisu mkononi mwake kama hakijui. Huilin alilikumbatia bakuli kifuani kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na ndani ya maji vijiti vikaanza kutetemeka, kama mtoto anayesikia baridi.